Uliza Tukujibu: Leseni ya kufundisha na milango mingine ya kuingilia ualimu

Tangu ajira za walimu wa serikali zihamishiwe Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira, barua za ualimu hazikauki mezani kwetu, na za mwezi huu nyingi zimetoka mkoa wa Tanga. Tumechagua saba na kuzifupisha. Majina ya waandishi tumeyaweka kabatini.

Nina shahada ya sayansi, nilisoma kemia na biolojia, nikamaliza 2019. Tangu mwaka jana nafundisha kidato cha pili na cha tatu katika shule binafsi hapa mjini. Wathibiti ubora (wakaguzi wa shule) walipokuja, mkuu wa shule aliniambia nikae nyumbani siku mbili. Je, mimi ni mwalimu au si mwalimu? Na serikalini nitaingiaje? – Dada wa Chumbageni

Mbele ya wanafunzi wako, dada, wewe ni mwalimu. Mbele ya Sheria ya Elimu ya 1978, bado. Sheria hiyo inawaruhusu watu wa aina mbili kusimama darasani: aliyesajiliwa kwa sababu amesomea ualimu, na aliyepewa leseni ya kufundisha kwa sababu analijua somo ingawa ualimu hakuusomea. Wewe ungekuwa wa kundi la pili, ila leseni huna. Ndiyo maana ukapewa likizo ambayo hukuiomba.

Leseni hiyo hutolewa na Kamishna wa Elimu. Usiichukulie kama leseni ya udereva, ambayo mtu huihangaikia peke yake halafu akaenda kutafuta gari. Huombwa pale shule inapokuhitaji, kwa hiyo mwajiri wako ana sehemu yake ya kazi, na kukuficha siku ya ukaguzi si sehemu hiyo. Andaa barua yako ya maombi, barua ya shule, nakala zilizothibitishwa za cheti cha kidato cha nne, cha sita na cha shahada, transkripti (orodha ya masomo uliyosoma chuoni na alama zake), cheti cha kuzaliwa na picha. Kabla hujatuma, pita ofisi ya Wathibiti Ubora wa Shule ya halmashauri uwaonyeshe faili. Hao ndio watakaokuja kulikagua, na ni afadhali wakukosoe ofisini kwao kuliko ofisini kwa mkuu wa shule.

Mafaili mengi hukwama kwa mambo mawili. La kwanza ni transkripti. Mtu anapeleka cheti cha shahada pekee, na cheti kinasema tu "Shahada ya Sayansi". Hakisemi ulisoma kemia kiasi gani. Transkripti ndiyo inayosema. La pili ni barua ya shule iliyoandikwa juu juu: "anahitajika kufundisha masomo ya sayansi". Somo la kidato cha tatu haliitwi sayansi. Linaitwa Kemia, au Biolojia, au Fizikia. Barua itaje somo, itaje na vidato.

Sasa serikalini. Huko leseni haitakufikisha. Ni ruhusa ya muda ya kufundisha. Sifa ya taaluma haimo ndani yake. Tangazo la nafasi ya Mwalimu Daraja la III C, ambalo ndilo daraja la wenye shahada, hudai shahada ya ualimu, au shahada nyingine yenye somo la kufundishia pamoja na Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ile watu wanayoiita PGD ya ualimu. Hiyo ndiyo njia yako. Kwa anayesoma kutwa ni ya mwaka mmoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo, na Chuo Kikuu Huria pia, ambacho kina kituo cha mkoa hapa Tanga na kinamwezesha mtu kusoma huku akiendelea na kazi. Utasoma saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji na mbinu za kufundishia masomo yako, kisha utapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Usiyadharau mazoezi kwa kuwa umeshazoea darasa. Msimamizi anakuja kutazama azimio la kazi, andalio la somo na jinsi unavyopima kama mtoto ameelewa. Walimu waliozoea kuingia na chaki na kitabu tu ndio huanguka hapo, na wale wageni kabisa wakapita.

Kabla ya kulipa ada, soma transkripti yako kwa jicho la shule ya sekondari. Wewe umeokoka, kwa kuwa kemia na biolojia zote zinafundishwa. Mwenye shahada ya uhasibu au biashara naye ana pa kushika. Lakini mwenye shahada ya sosholojia, utawala wa umma au rasilimali watu atafute kwanza somo la kufundishia ndani ya kozi alizosoma. Asipoliona, PGD itampa elimu nzuri, ila kwenye portal atakosa pa kubofya.

Na usichanganye ofisi, maana hapo ndipo nauli za watu huishia. Sekretarieti ya Ajira ndiyo inayotangaza nafasi na kusaili. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, inawashughulikia walimu walio ndani ya utumishi wa umma: kuthibitishwa kazini, kupanda madaraja, nidhamu. Bodi ya Kitaalamu ya Walimu imetokana na Sheria Na. 6 ya 2018, na kazi yake ni usajili na maadili ya taaluma yenyewe, ya mwalimu wa serikali na wa binafsi. Ukienda Tume kuomba ajira utarudishwa, hata ukipokelewa kwa adabu zote.

Wapo watakaokuambia mbona zamani watu waliingia darasani kwa njia fupi. Ni kweli. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 walimu wa UPE (elimu ya msingi kwa wote) waliandaliwa haraka ili kila mtoto apate shule, na miaka ya 2000 zikaja zile kozi za majuma machache ambazo mtaa uliziita "voda fasta". Wengi wao walilazimika kurudi chuoni baadaye kutafuta cheti kamili. Njia fupi uliyonayo wewe ni hiyo ya mwaka mmoja.

Mwanangu alimaliza kidato cha nne akapata Daraja la IV, pointi 26: C mbili na D tano. Akarudia Historia na Jiografia, akapata C zote mbili. Nikijumlisha naona ni Daraja la III. Chuo cha ualimu kimemkataa, lakini kuna mtu anasema chuo kingine kitampokea hivyo hivyo. – Mama, Korogwe

Mama, hesabu yako haina kosa. Kosa liko kwenye kuunganisha.

A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na daraja hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. C mbili ni 6, D tano ni 20, jumla 26. Daraja la III linaishia 25. Ameikosa kwa pointi moja, na inauma. Ukiweka zile C mpya mahali pa D mbili unapata 24, ambayo ingekuwa Daraja la III safi. Lakini Baraza la Mitihani hupanga daraja kwa mtihani wa mkao mmoja, yaani masomo yaliyofanywa kwa mpigo mmoja. Mkao wa pili alifanya masomo mawili tu, na mwenye masomo pungufu ya saba hawezi kupata zaidi ya Daraja la IV hata angepata A zote mbili. Vyuo vya ualimu vinadai Daraja la I hadi la III, ndiyo maana wamemkataa.

Ana njia mbili. Ya kwanza ni kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya masomo saba kwa mpigo. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba. Achague masomo aliyokwisha kuyapatia C, ayaongezee na yale yaliyomkosesha kwa alama chache. Asiongeze somo jipya kwa sababu tu rafiki amesema ni rahisi.

Ya pili sisi tunaiona nzuri zaidi kwa kijana mwenye subira. Sasa ana C nne, na kwa mtihani wa kidato cha sita zinatakiwa C tatu, ambazo huweza kutoka mikao tofauti. Akisoma kidato cha sita kwa kujitegemea na kupata Daraja la I hadi la III, ataingia stashahada ya ualimu ya miaka miwili badala ya ile ya miaka mitatu ya waliotoka kidato cha nne. Njiani pia atakuwa amejifungulia mlango wa chuo kikuu, ambako wanatazama masomo mawili ya tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha sita) yenye jumla ya pointi 4. Kule hesabu ni ya kinyume, A ndiyo 5 na E ni 1, basi asije akachanganya.

Huyo mtu wa "hivyo hivyo" mwogopeni. Mitihani ya mwisho ya vyuo vya ualimu hutungwa na Baraza lile lile linalomjua mwanao ana Daraja gani. Mwanafunzi asiye na sifa anaweza kulipa ada miaka yote, siku ya kusajiliwa mtihani jina likakataliwa. Nafasi za vyuo vya serikali huombwa kwa mfumo wa TCM wa Wizara ya Elimu. Kwa chuo binafsi, hakikisheni kwanza kimesajiliwa na NACTVET (Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi), na mwanao mwenyewe aione orodha, asiambiwe.

Cheti changu cha kidato cha nne kimeandikwa Mwanahamisi Bakari Juma. NIDA wameandika Mwanahamis Bakari. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu wa pili badala ya Juma. Nilikwenda kwa wakili nikaapa. Inatosha? – Pangani

Haitoshi, na usione aibu. Huku pwani mtu mmoja kuwa na majina manne ni jambo la kila nyumba. (Majina haya tumeyabadilisha.)

Shika cheti cha kidato cha nne kama nguzo. Jina lililo pale ni gumu kuligusa, na vyeti vyote vya mbele vimelifuata. Kwa hiyo vingine ndivyo vitakavyosogea kukifuata. Anza na NIDA: herufi "i" iliyodondoka na jina la tatu lisilokuwepo ni marekebisho ya taarifa, nayo huombwa ofisi ya wilaya kwa kuambatisha vyeti. Cheti cha kuzaliwa kina jina jingine kabisa, si kosa la herufi, na hapo kiapo cha wakili pekee hakitoshi. Kiapo kinasema "mimi ndiye huyo huyo". Kinachotakiwa kwenye usaili ni hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Wakili huyo huyo anaweza kukuandalia, ila ukishasaini uhakikishe imesajiliwa na ina muhuri wa Msajili. Hati nyingi huishia kwenye bahasha ya wakili na mwenyewe anadhani kazi imekwisha.

Fanya haya sasa wakati hakuna tangazo. Tangazo la ajira likitoka muda ni wa majuma machache, na ofisi hizo siku hizo zina foleni ya watu wenye shida kama yako.

Ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina cheti cha VETA ngazi ya tatu na karakana Makorora kwa miaka kumi na moja. Nasikia shule za amali (zinazofundisha ufundi na stadi za kazi) zinatafuta walimu. Naweza kufundisha bila kurudi chuo? – Fundi, Makorora

Kurudi utarudi, fundi, ila si kwa miaka mingi na si chuo cha ualimu wa kawaida. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeweka mkondo wa amali sekondari, na watu wa aina yako wanahitajika. Walimu wa ufundi stadi huandaliwa Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, kilicho chini ya VETA. Kinatoa cheti na stashahada ya ualimu wa ufundi, na wewe mwenye ngazi ya tatu ndiye mtu wanayemtazamia. Cheti cha kidato cha nne kitafute pia, hata kama hukukitoa sandukuni tangu ulipofungua karakana.

Utauliza, unafundishwa nini na wewe kazi unaijua? Unafundishwa kuisema. Chukua jambo dogo. Una bamba la milimita 6 na rodi ya milimita 3.2. Mkono wako unajua moto wa kutosha kwa kusikiliza mlio. Mwanafunzi hajui mlio. Lazima umwambie aanzie kama ampia 110, awashe rodi, umbali wa ncha na chuma usizidi unene wa rodi yenyewe, rodi ilale kidogo kuelekea anakokwenda mkono. Kisha umwonyeshe kinachoharibika: akisogeza mbali cheche zinatapakaa na mshono unakuwa na vitundu, moto ukiwa mdogo chuma kinakaa juu juu kama ugali uliomwagwa, ukigonga nyundo kinabanduka, ukizidi, kingo za mshono zinaliwa. Halafu upime kwa orodha, si kwa kutazama sura: upana wa mshono, vitundu vingapi, slagi (ganda linalobaki juu ya mshono) imetolewa au la, miwani na glavu vimevaliwa au vimewekwa mezani. Kukata kazi moja vipande ishirini na kupima kila kipande ndio ualimu wenyewe, na fundi hodari ndiye anayepata shida zaidi hapo, maana mkono wake umeshasahau hatua.

Weka pia picha na hati za kazi zako, na barua za vijana waliojifunza kwako kama unazo. Haziwi badala ya cheti, lakini mwenye shule binafsi ya ufundi atakuuliza.

Nimeambiwa nikisoma ADEM Bagamoyo nitakuwa mwalimu. Nina kidato cha sita. – Kijana, Ngamiani, barabara ya 12

Umeambiwa nusu. ADEM ni Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu. Stashahada zake za uongozi na utawala wa elimu na za uthibiti ubora wa shule zimekusudiwa walimu walio kazini wanaojiandaa kuongoza au kukagua shule. Nenda chuo cha ualimu kwanza. Bagamoyo itakuita ukishakuwa na shule ya kuongoza.

Mke wangu ni Mkenya, mwalimu mwenye shahada ya elimu aliyosomea Mombasa. Tunaishi Horohoro. Shule moja ya mchepuo wa Kiingereza inamtaka. – Mkinga

Ndoa yenu, bwana, haimpi kibali cha kufanya kazi. Kwanza shahada yake itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na matokeo yake ya sekondari yapelekwe Baraza la Mitihani yapate ulinganifu. Haya mawili ayaanze mwenyewe leo, shule isisubiriwe. Kisha shule imwombee kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya 2015 ya ajira za wageni, na Uhamiaji wampe kibali cha ukaazi. Ruhusa ya kufundisha inaombwa kwa upande wa elimu, na cheti cha TCU kinatakiwa humo. Kuanza kazi huku "karatasi zinafuata" ni hatari kwake na kwa shule. Na huko mpakani mnajulikana wote.

Nina stashahada ya ualimu, nimeomba mara mbili sikuitwa. Safari hii nimeitwa, lakini usaili ni Dar es Salaam na mimi niko Muheza! Nimekosea wapi, na nibebe nini? – Muheza

Ulikosea kwenye anwani. Usaili wa walimu wa mwanzoni mwa 2025 ulifanyika mikoani, na mtu alipangiwa mkoa kwa kufuata makazi aliyoandika kwenye akaunti yake. Bila shaka ulifungua akaunti ukiwa chuoni Dar, ukaiacha hivyo. Safari hii panda basi, nauli ni juu yako. Ukirudi ingia ubadilishe mkoa na wilaya.

Kuhusu zile mara mbili, fungua maombi ya zamani utazame mambo haya. Barua ilielekezwa kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, na imesainiwa? Barua isiyo na saini hutupwa, na wengi huandika kwenye kompyuta wakasahau kuichapa, kuisaini na kuiskani. Uliweka cheti chenyewe au hati ya matokeo? Hati ya matokeo na matokeo ya muda hayakubaliwi. Je, kidato cha nne na stashahada vimo kwenye faili mbili tofauti, kila kimoja mahali pake? Tumeona mtu amepandisha cheti cha kuzaliwa mahali pa cheti cha taaluma, na mfumo haukulalamika hata kidogo.

Siku ya usaili chukua vyeti halisi vyote kuanzia cha kuzaliwa, kitambulisho kinachotambulika, na namba yako ya usaili uliyoichukua kwenye akaunti. Iandike kwenye karatasi, simu huzimika. Ukipita wa kuandika utaitwa kwenye mahojiano, na mwalimu huko anaweza kuambiwa asimame afundishe. Jiandae na mada moja kwa kila somo lako, dakika kumi, yenye lengo linalopimika na swali la kumalizia. Wasaili wakikukatiza katikati, endelea pale ulipoishia, usirudi mwanzo.